Wosia wa kabatini na wosia wa chini ya mto wa kochi

Mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin alifariki mjini Detroit tarehe 16 Agosti 2018, na kwa miezi tisa familia iliamini hakuacha wosia wowote. Mirathi ikafunguliwa kwa msingi huo: wanawe wanne warithi sawa kwa sawa, mpwa wake awe msimamizi. Mei 2019 nyumba ya marehemu ikapekuliwa, na karatasi zilizoandikwa kwa mkono zikaonekana. Za mwaka 2010 zilikuwa kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo. Za mwaka 2014 zilikuwa kwenye daftari la waya, chini ya mto wa kochi. Mwana mmoja akasimamia karatasi za kabatini, wawili wakasimamia za kochini. Julai 2023, katika mahakama ya mirathi ya Pontiac, jimbo la Michigan, jopo la raia sita lilijadiliana kwa muda usiofika saa moja na kuamua kwamba karatasi za 2014 ni wosia halali.

Anayesoma habari hiyo haraka hudhani mahakama ilitazama tarehe tu, ikachukua ya karibuni. Sivyo. Tarehe huja baadaye katika msururu wa maswali, na ndugu wengi hukwama kwa sababu wanaanza na swali la mwisho, au na swali ambalo halimo kabisa, yaani nani alimuuguza mama na nani alionekana siku ya mazishi tu. Ushahidi huo hujaza viapo kurasa kwa kurasa, na mara nyingi hakimu hauhitaji.

Je, karatasi hii ni wosia?

Kila karatasi hupimwa peke yake kwanza, kana kwamba nyingine haipo. Ya baadaye isipovuka hapa, tarehe yake haina kazi.

Sheria ya Michigan ina milango mitatu. Wa kwanza ni ule wa kawaida: maandishi, sahihi ya mwenye wosia na sahihi za mashahidi wawili. Wa pili ni wosia wa mwandiko wa mkono. Huu hauhitaji shahidi hata mmoja, mradi una tarehe, una sahihi, na sehemu zake za msingi zimeandikwa na marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Mlango wa tatu ni wa karatasi iliyokosa sharti fulani. Hupokelewa ikiwa anayeileta ataonyesha, kwa ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha, kwamba marehemu alikusudia iwe wosia wake. Kiwango hicho kimezidi kile cha kesi ya kawaida ya madai, ambako inatosha jambo lielekee zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa, ila hakijafika kile cha jinai.

Daftari la 2014 lilikuwa na jina la mwenyewe, na ndani ya herufi A alikuwa amechora uso unaocheka. Je, hiyo ni sahihi? Mahakama haidai sahihi ifanane na ile ya benki. Sahihi ni alama yoyote ambayo mtu ameiweka kwa nia ya kulikamilisha andiko kuwa lake. Kwa hiyo mchoro ule haukuliua andiko, na pengine uliwasaidia waliolitetea, kwa kuwa alama ya aina hiyo ni vigumu kusema imewekwa na mtu mwingine.

Upande wa 2010 uling'ang'ania kwamba karatasi zilizofungiwa kabatini zina uzito kuliko zilizookotwa chini ya mto. Hoja hiyo inavutia, lakini hakuna sheria ya mirathi inayotaja samani. Mahali palipohifadhiwa wosia ni ushahidi mdogo wa kusudi la mwenyewe, basi. Kuna hali moja tu ambapo mahali panauma kwelikweli: nakala halisi inapopotea. Ikiwa mara ya mwisho ilijulikana kuwa mikononi mwa marehemu, na alipokufa haikupatikana, sheria ya nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Kiingereza hudhani kwamba aliiharibu mwenyewe kwa kusudi la kuifuta. Mtoto mwenye fotokopi atalazimika kuibomoa dhana hiyo kwanza, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba nyumba iliungua au kwamba ndugu fulani alikuwa na ufunguo wa kabati. Kama halisi ilikuwa kwa wakili, dhana haipo.

Mambo haya hubadilika sana ukivuka mpaka. Daftari lile lisingefika mbali Uingereza, ambako Sheria ya Wosia ya 1837 inataka mashahidi wawili waliokuwepo kwa pamoja marehemu aliposaini. Kenya nayo inataka mashahidi wawili kwa wosia wa maandishi, ila hailazimishi wawepo kwa wakati mmoja. Afrika Kusini ina mlango unaofanana na ule wa tatu wa Michigan: mahakama ikiridhika kwamba marehemu alikusudia andiko liwe wosia wake, hulipokea hata kama utaratibu ulikosewa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakili ni kama sheria inayotumika inasamehe kasoro au haisamehi. Jibu hilo peke yake humaliza kesi nyingi kabla hazijaanza.

Kuna kasoro moja ambayo ndugu huikuta mara kwa mara na kuielewa vibaya: shahidi ambaye pia ametajwa kurithi. Wengi hudhani wosia wote umekufa. Uingereza wosia husimama, ila shahidi huyo, au mwenzi wake, hupoteza alichoachiwa. Kaka aliyeitwa haraka asaini kama shahidi, kwa nia njema kabisa, anaweza kuwa amesaini kujinyima mwenyewe.

Wosia wa baadaye hufuta kiasi gani?

Tuseme karatasi zote mbili zimevuka. Hapo ndipo tarehe inaingia, na hapo ndipo wasomaji wengi wa wosia huteleza, kwa sababu wosia mpya haufuti wa zamani kwa kuwa mpya tu.

Njia iliyo safi ni maneno yenyewe: "Ninafuta wosia zangu zote zilizotangulia." Wosia ulioandikwa na wakili huwa na sentensi hiyo karibu na mwanzo. Wosia wa daftarini mara nyingi hauna, na kazi inaanza. Mahakama itaweka karatasi mbili sambamba na kuzipitia kipengele kwa kipengele. Pale zinapogongana, mpya unashika. Pale ambapo mpya umekaa kimya, wa zamani unaweza kuendelea kuishi. Michigan imeweka dhana mbili za kusaidia. Ikiwa wosia mpya umegawa mali yote, hudhaniwa umechukua nafasi ya ule wa zamani. Ikiwa umegawa baadhi tu, hudhaniwa ni nyongeza, na zote mbili husomwa pamoja. Dhana zote mbili zinaweza kuvunjwa, lakini kwa ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha.

Chukua mfano mdogo. Wosia wa kwanza unasema: nyumba kwa Dada, gari kwa Kaka, kilichobaki kigawanywe sawa kwa watoto wote. Wa pili, wa miaka minne baadaye, unasema tu: nyumba kwa Mdogo. Nyumba ni ya Mdogo, hilo halina ubishi. Gari bado ni la Kaka, kwa sababu wosia wa pili haukuligusa. Kilichobaki kinagawanywa kama zamani, na Dada yumo katika mgao huo ingawa amepoteza nyumba. Sasa badili neno moja. Wosia wa pili useme: nyumba na vyote nilivyo navyo kwa Mdogo. Gari limekwenda, na mgao wa kilichobaki umekwenda. Neno "vyote" limebeba kesi nzima, na ndiyo maana mawakili hubishana juu ya maneno kama hilo kwa siku mbili.

Katika mirathi ya Franklin swali hilo halikuwa la nadharia. Karatasi za 2010 ziliwataka wana wawili wasomee biashara na kupata cheti au shahada kabla ya kufaidika na mirathi. Zile za 2014 hazikuwa na sharti hilo. Hata baada ya uamuzi wa jopo, mawakili walibaki na la kujadili: ni vipengele gani vya 2010 vinaweza kusimama mahali ambapo daftari halikusema kitu. Kumtangaza mshindi kati ya wosia mbili hakufungi jalada.

Kufuta kwa vitendo kuna masharti yake. Kuchana, kuchoma au kukata wosia kunahesabika ikiwa mwenyewe ndiye aliyefanya, au mwingine mbele yake kwa agizo lake, na kwa nia ya kufuta. Mtoto aliyechana wosia kwa hasira baada ya mazishi hajafuta chochote, ila amejitengenezea kesi nyingine. Na mzazi aliyechana wosia mpya akidhani wa zamani utafufuka huwa amekosea: Uingereza wosia uliokwisha kufutwa haurudi mpaka usainiwe upya mbele ya mashahidi, au urudishwe na nyongeza iliyosainiwa hivyo. Michigan nayo huuacha ukiwa umefutwa, isipokuwa ionekane wazi kwamba mwenyewe alitaka urudi.

Halafu kuna makato. Kwenye daftari la 2014 jina la mwana aliyepaswa kusimamia mirathi lilikuwa limekatwa na jina la mwingine limeandikwa. Katika wosia wa mwandiko wa mkono badiliko kama hilo lina nafasi ya kupita, kwa kuwa mkono ni uleule. Katika wosia wa mashahidi, kukata jina baada ya kusaini bila mzazi na mashahidi kusaini pembeni ya badiliko mara nyingi hakubadili kitu. Kama neno lililokatwa bado linasomeka, ndilo linalofuatwa. Wazazi wengi wameamini wamemwondoa mtoto kwa mstari wa kalamu, na mtoto yule akarithi.

Ukiuangusha wa mwisho, unaangukia wapi?

Hii ndiyo hesabu ambayo ndugu huisahau, na ingefaa ifanywe kwenye karatasi kabla ya kumlipa wakili yeyote. Wosia ukitupwa, mali haiendi moja kwa moja kwenye mgao wa sawa kwa sawa. Inashuka ngazi moja, kwenye wosia uliotangulia. Huo nao ukitupwa ndipo sheria ya asiyeacha wosia inaingia, ambayo katika nchi nyingi, kama hakuna mjane wala mgane, huwapa watoto sawasawa.

Watoto wanne, nyumba ya dola 480,000 na akiba ya dola 320,000, jumla 800,000. Wosia wa karibuni unampa kitinda mimba nyumba, na akiba wanagawana wanne: yeye anapata 560,000, wenzake 80,000 kila mmoja. Wosia wa zamani uliandikwa wakati mzazi amekosana na wawili wadogo, na unawapa wakubwa wawili tu, 400,000 kila mmoja. Bila wosia, kila mtoto ana 200,000.

Mtazame mtoto wa tatu. Anaona kitinda mimba amependelewa, anakwenda mahakamani kuupinga wosia wa karibuni, anashinda. Kutoka 80,000 ameshuka hadi sifuri. Ili afike 200,000 ilibidi aangushe wosia mbili kwa hoja mbili tofauti, na katika ile ya pili wakubwa wawili, waliokuwa washirika wake jana, wangekuwa wapinzani wake. Hapo hatujatoa gharama. Mahakama huweza kuamuru ada zilipwe na aliyeshindwa au zitoke kwenye mirathi yenyewe, na zikitoka kwenye mirathi basi wote wanne wanazilipa kwa sehemu zao.

Baadhi ya wosia hubeba kipengele cha kumnyima atakayeupinga. Kabla ya kukiogopa, angalia sheria ya mahali. Michigan hakitekelezwi dhidi ya mtu aliyekuwa na sababu ya msingi ya kupinga, lakini si kila mahali pana huruma hiyo.

Akili na shinikizo

Kipimo cha akili timamu kinachotumika mpaka leo katika mahakama nyingi kilitoka Uingereza mwaka 1870, katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow. Mwenye wosia lazima aelewe kwamba anaandika wosia na maana yake, ajue kwa jumla ana mali gani, awakumbuke watu wenye haki ya kufikiriwa, na asiwe na ugonjwa wa akili uliopotosha mgao wenyewe. Banks aliamini anafuatwafuatwa na mtu aliyekwisha kufa. Wosia wake ulisimama, kwa sababu imani hiyo haikugusa namna alivyogawa mali.

Kwa hiyo cheti cha daktari kinachosema "ana ugonjwa wa kusahau" hakitoshi. Kinachotakiwa ni hali ya siku ile, ikiwezekana saa ile. Kama wosia ulisainiwa tarehe 10 Juni, ripoti ya Februari haina nguvu sana. Tafuta maandishi ya kabla na baada yaliyo karibu zaidi: daftari la wauguzi la zamu, karatasi ya dawa inayoonyesha dozi na saa zilipotolewa, na kumbukumbu za wakili aliyeandika wosia. Hizo za mwisho ndizo zinazoamua kesi mara nyingi. Wakili makini huandika aliuliza nini, alijibiwa kwa maneno gani, nani alikuwa chumbani. Kama jalada lake lina nusu ukurasa tu, wosia umepungukiwa na mtetezi wake bora.

Shinikizo ni gumu zaidi kuthibitisha kuliko ndugu wanavyodhani. Kumbembeleza mama si kosa, na kumkumbusha kila siku kwamba wewe ndiye unayempeleka kliniki si kosa pia, hata kama linachukiza. Sheria inatafuta kulazimishwa, yaani nia ya mzazi kuzimwa na ya mwingine kuwekwa mahali pake. Mahakama za Michigan humsaidia mlalamikaji kidogo: akionyesha kwamba kulikuwa na uhusiano wa kuaminiwa, kwamba aliyeaminiwa alifaidika, na kwamba alikuwa na nafasi ya kumshawishi marehemu, dhana ya shinikizo huzaliwa. Uingereza dhana hiyo haipo kwenye wosia, na lazima kulazimisha kwenyewe kuthibitishwe. Dalili zinazochunguzwa ni za kawaida: nani alimtafuta wakili, nani alimlipa, nani alitoa maelekezo, nani alikaa chumbani wakati wa kusaini, na wosia ulikaa kwa nani baadaye. Jina moja likijibu maswali yote matano, hakimu atainua kichwa.

Kwa madai ya kughushi, mtaalamu wa maandishi anataka nakala halisi. Fotokopi haionyeshi kalamu ilipokandamizwa, iliponyanyuliwa katikati ya neno, wala tofauti ya wino. Anahitaji pia sampuli nyingi za mkono wa marehemu za kipindi kilekile. Sahihi ya cheti cha ndoa cha miaka arobaini iliyopita haifai kulinganishwa na mkono wa mgonjwa wa miaka themanini.

Wiki za kwanza

Yanayoharibu kesi hutokea mapema, wakati wa msiba, kabla ya wakili yeyote kuitwa. Mtu anatoa pini za stapla ili apige fotokopi. Matundu mapya yakionekana, upande wa pili utauliza ni ukurasa gani umebadilishwa, na hakuna atakayeweza kujibu. Piga picha ya karatasi mahali ilipokutwa kabla ya kuiinua, mbele ya ndugu wa upande mwingine, kisha iweke kwenye bahasha bila kuandika juu yake wala kuitoboa. Mwenye wosia mkononi anatakiwa kuukabidhi mahakamani au kwa msimamizi aliyetajwa, hata kama haumpendezi. Kuuficha ni kosa, na mahakama haisahau.

Asiyekubaliana na wosia huweka pingamizi kabla hati ya usimamizi haijatolewa. Uingereza pingamizi hukaa miezi sita na huweza kuongezwa muda. Baada ya hati kutoka, njia iliyobaki ni kuomba ifutwe, ambayo ni ndefu na mali inaweza kuwa imekwisha kutembea. Ndugu wakigombana hadi kazi imekwama, mahakama huweza kumweka msimamizi asiye wa familia. Mpwa wa Franklin alijiuzulu usimamizi mwaka 2020, na mahakama ikamteua wakili wa nje. Huyo kazi yake si kusema nani ameshinda, bali kukusanya mapato, kulipa madeni na kodi, na kuzuia mali isiyeyuke. Madai ya kodi dhidi ya mirathi ile yalikuwa ya mamilioni ya dola, na kodi hulipwa kabla ya mrithi yeyote, awe wa kabati au wa kochi.

Usuluhishi unawezekana wakati wowote, na makubaliano ya warithi yanaweza kugawa mali tofauti kabisa na wosia wowote. Sharti ni kila mwenye maslahi asaini. Mrithi mwenye mlezi wa kisheria husainiwa na mlezi huyo, kwa kibali cha mahakama pale sheria inapodai.

Tahadhari ya mwisho ni juu ya kuuza. Mali iliyotajwa kwenye wosia ikiuzwa na mzazi mwenyewe akiwa hai, kwa kawaida aliyeachiwa hapati kitu. Ikiuzwa na msimamizi baada ya kifo, mrithi huifuata fedha. Novemba 2023 jaji wa Michigan aligawa nyumba kwa kufuata daftari la 2014. Mwana mmoja alipewa ile ya Bloomfield Hills, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 1.1 mama alipofariki. Mwingine alipewa nyumba ya Detroit, ambayo mirathi ilikuwa imekwisha kuiuza kwa dola 300,000 kabla ya mtu yeyote kuinua mto wa kochi. Mwana huyo akaomba fedha za mauzo.